Panya, bibi na sweta la damu ya mzee

Najua nimepotea, karibu wiki sita sijaandika kitu hapa. Wale wawili watatu mliokuwa mnauliza kama nimedisko, jibu ni hapana, bado nipo hapa hapa UDOM, naendelea kula msuli kama kawaida. Nilikuwa mazoezi ya kufundisha, nikarudi na mafua, halafu test zikaja mbili kwa mpigo. Leo nina nafasi, na leo nataka kuandika habari ya sweta. Msicheke.

Jana asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya chai. Mnaujua upepo wa Dodoma ukiamua. Nikiwa nimejikunyata, dada mmoja nyuma yangu, nadhani wa mwaka wa kwanza, akanigusa begani. "Samahani kaka, hili sweta lako lina rangi mbili mgongoni, ila mshono siuoni. Limeungwaje?" Nikamwambia ni hadithi ndefu. Akasema na foleni nayo ni ndefu. Basi nikamsimulia, tukafika dirishani chapati zimeisha. Mshkaji wangu wa chumbani aliyekuwa anasikiliza akaniambia mzee, hiyo kaiandike. Haya.

Sweta lenyewe ni rangi ya damu ya mzee. Mama alilifuma kwa mkono mwaka niliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni. Alikuwa anafuma usiku akishamaliza vyombo, na alilifuma kubwa kupita kiasi kwa sababu hakutaka kununua uzi mara mbili. "Utakua nalo," alisema. Siku ya kwanza bwenini lilinifika magotini, wenzangu wakaniita shehe, jina likadumu mpaka kidato cha pili. Nikiwa kidato cha tatu mama alifariki. Sitaki kuandika mengi hapo. Ninachotaka mjue ni kwamba sweta lilianza kunikaa sawasawa nikiwa kidato cha sita, yaani mama hakuwahi kuniona nalo likiwa limenikaa.

Sasa, mazoezi ya kufundisha nilipangiwa Iramba, nikaona heri, maana bibi mzaa mama anaishi nje kidogo ya Kiomboi. Nikahamia kwake, nikaokoa na hela ya chumba (bumu mnalijua lenyewe). Wale mnaodhani Singida ni jua, alizeti na kuku tu, njooni Iramba mwezi wa saba. Upepo unapita kwenye mawe unapiga mluzi, asubuhi wanafunzi wanakuja darasani wameficha mikono kwapani, na ukiwaambia waandike wanakutazama kama umewatukana. Sweta nililivaa kila siku mpaka wakanipa jina jingine, nalo silisemi.

Siku moja, ilikuwa Jumatano, kukawa na joto kidogo mchana. Nikalivua, nikalitupia juu ya magunia ya alizeti kwenye chumba cha nje, nikasahau. Kosa ni langu, simsingizii mtu. Panya wa alizeti wanashiba hata hawakimbii wakikuona. Ijumaa nalifuata, nalinyanyua, naona mwanga wa mlangoni unapita katikati ya mgongo. Tundu la ukubwa wa yai, kingo zimetafunwa, na nyuzi nyingine zimeburutwa kwenda kutandikia watoto wao huko chini ya magunia.

Nilikaa juu ya gunia. Mwanaume mzima, mwalimu mtarajiwa, Historia na Kiswahili.

Jumamosi nikalipeleka kwa fundi cherehani sokoni. Fundi ni mtu mzuri, akaligeuza, akaniambia njia ni mbili. Anipigie kiraka, au akate kipande chote kilichoharibika, avute juu na chini, apitishe mshono. Nikauliza mshono utaonekana? Akasema utaonekana, utakuwa na kigongo, na sweta litapungua urefu, lakini baridi haitapita. Bei yenyewe ilikuwa poa. Nikasema ngoja nikaulize nyumbani.

Bibi yuko na miaka themanini na kitu. Kufuma alifundishwa akiwa binti na mke wa mmisionari, enzi za wale Walutheri wa Kimarekani waliokuwa Iramba, na yeye ndiye aliyemfundisha mama. Siku hizi hafumi. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona mwanga na anaona kivuli cha mtu, basi. Nikampa sweta mkononi bila kusema kitu. Akalipapasa, vidole vikafika kwenye tundu, vikazunguka ukingo wake taratibu kama mtu anayehesabu. Akauliza, "Nani amefanya hivi?" Nikasema panya. Akanyamaza. Nikamweleza ya fundi.

"Hili halishonwi," akasema. "Hili linaungwa. Kalete spoku za baiskeli, nne."

Hapa lazima nieleze kidogo kwa wale ambao Stadi za Kazi walikuwa wanatoroka kwenda kucheza mpira. Kufuma ni kitanzi kupita ndani ya kitanzi. Kila kitanzi kinashikwa na kile kilicho juu yake. Ukikiondoa cha juu, cha chini kinabaki wazi, hakina wa kukishika, ukivuta uzi kinaporomoka na kuwaporomosha wenzake mpaka chini kabisa. Bibi anaviita vitanzi vilivyo hai, maana bado vinaweza kukimbia. Mtu wa kawaida akitaka kuunganisha vipande viwili anavifunga kwanza vitanzi vyote visikimbie, halafu anashona ukingo kwa ukingo, ndiyo maana panakuwa na kigongo. Kuunga ni tofauti. Vitanzi unaviacha hai huku na huku, halafu kwa sindano ya kawaida yenye uzi unapita katikati yao kwa njia ile ile ambayo uzi ungepita kama ungekuwa unafuma. Ukimaliza, uzi wa kwenye sindano unageuka kuwa mstari wa kufuma kama mistari mingine. Hakuna mshono, kuna mstari.

Lakini ili uunge, lazima kwanza ukate. Hapo mkono wangu uligoma.

Tulifumua mishono ya ubavuni kulia na kushoto mpaka mgongo ukawa huru. Halafu bibi akaniambia nipande mistari miwili juu ya tundu, kwenye uzi mzima, nikate kitanzi kimoja tu, katikati. Kimoja. Nilishika mkasi nikaushusha. Nikaushika tena. Bibi hakunihimiza, alikuwa ameshika upande wa pili wa sweta na kutazama kule mwanga unakotokea. Mwishoni akasema, "Mama yako alifumua hilo sweta mara tatu kabla hajaridhika na shingo. Kata." Sikuwa najua hiyo habari. Nikakata.

Ukishakata kitanzi kimoja unauvuta ule uzi kutoka kila kitanzi, kwenda kulia mpaka ukingoni, halafu kushoto, na kila vitanzi vikiachiana unavidaka kwenye spoku, vya juu spoku yake na vya chini spoku yake. Mgongo wa sweta ukawa vipande viwili mapajani kwangu. Kipande cha chini nikakifumua mpaka nikapita tundu lote na kufika kwenye mstari mzima, jumla mistari 18 ikaondoka. Wa kuogopwa ni huyo wa chini, maana sweta lilifumwa kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo vitanzi vyake ukiteleza kidogo vinakimbia. Vya juu havina haraka.

Nikahesabu. Chini 96. Juu 95.

Nikahesabu tena, 95. Jasho. Nikamwambia bibi nimepoteza kimoja, kimeporomoka, sikioni. Bibi akacheka mpaka akakohoa. Akasema nyoosha mkono, hesabu vidole. Vitano. Sasa hesabu nafasi zilizo kati ya vidole. Nne. "Vya juu unavitazama kwa chini, mume wangu. Hivyo si vitanzi, ni nafasi zilizo kati ya vitanzi." Jamani. Mimi nimekaa mihula kadhaa nasoma zana za kufundishia, nimeandika maandalio ya somo mpaka kalamu zimeisha, na sijawahi kueleza kitu darasani kikaeleweka kwa haraka namna ile.

Uzi mpya niliufuata sokoni na kipande cha uzi wa zamani mkononi. Muuza duka akaapa kwamba damu ya mzee ni moja, hakuna mbili. Kumbe zipo. Ya kwake ilikuwa bado mbichi, ya mama imefuliwa miaka tisa na sabuni za kila aina. Nikazunguka maduka matatu, nikarudi kwa yule yule, nikanunua donge moja. Nilijua pale pale dukani kwamba haifanani.

Nikafuma mistari 17 kwa jioni tatu, kwa mwanga wa taa ya sola, baada ya kusahihisha madaftari. Kwa nini 17 na si 18? Kwa sababu kuunga kwenyewe kunaleta mstari wa kumi na nane. Ukisahau hilo sweta linarefuka mgongoni. Bibi alinikumbusha kila jioni kama dawa. Na kwa mstari huo wa mwisho akasema tusitumie uzi mpya. Kwenye ile mistari niliyoifumua chini ya tundu kulikuwa na nyuzi ambazo panya hakuzifikia, ndefu, zimejikunja kunja kama nywele zilizofumuliwa. Unahitaji uzi wa mara tatu au nne ya upana wa kitambaa, mimi nikapata wa karibu mita mbili. Tukaulowesha, tukautundika na kijiwe mpaka ukanyooka. Huo ndio uzi wa kuungia.

Sindano ilikuwa tatizo. Ya kushonea nguo tundu lake ni dogo, halafu ncha kali inachoma uzi katikati badala ya kupita kwenye kitanzi. Bibi akasema leta shazia, ile ndogo ya kushonea magunia ya vitunguu, ukaisugue ncha. Singida kwa mawe hatuna shida. Nikasugua kwenye jiwe la mlangoni mpaka ikawa butu.

Jumamosi asubuhi, juani, nikaweka vipande viwili mapajani, uso juu, vitanzi vinatazamana. Bibi amekaa kwenye mkeka pembeni yangu. Kanuni yake ni hii, na niliirudia kwa sauti kama mtoto wa chekechea: kila kitanzi kinatembelewa mara mbili. Mara ya kwanza sindano inatokea ndani ya sweta inakuja nje, na kitanzi hakiachiwi, kinabaki kwenye spoku. Mara ya pili sindano inatoka nje inaingia ndani, ndipo kinaachiwa. Chini unaingia kwenye kitanzi cha zamani, unatokea kwenye kipya. Unakwenda juu, unaingia kwenye cha zamani, unatokea kwenye kipya. Unarudi chini. "Ya kwanza hodi, ya pili kwaheri," bibi anasema. Ukiachia kwenye hodi, umekipoteza. Na uzi usiuvute kwa nguvu, uache ulegee, utaukaza baadaye kitanzi kwa kitanzi mpaka ulingane na wenzake. Vitanzi 96 chini, 95 juu, kila kimoja mara mbili. Piga hesabu. Ni karibu mara 400 unaingiza shazia.

Watu wakawa wanapita kwenda gulioni. Mzee mmoja jirani akasimama, "Mwalimu, umeolewa?" Bibi akamjibu kabla yangu, "Afadhali huyu. Wewe kifungo kikitoka unakaa na shati wazi mpaka mkeo arudi safari." Mzee akaondoka anacheka. Wanafunzi wangu wawili nao wakapita, shikamoo mwalimu, macho kwenye shazia. Jumatatu darasa zima lilijua.

Hapa nichomekee kitu kidogo. Niliporudi chuo nikawa natafuta kama hii mbinu ina jina. Kwa Kiingereza inabeba jina la Kitchener. Ndiyo, yule wa masharubu, waziri wa vita wa Uingereza kuanzia 1914, ambaye picha yake kwenye mabango ilikuwa inawanyooshea vijana kidole waende vitani. Inasimuliwa kwamba mshono wa ncha ya soksi ulikuwa unawachubua askari vidole vya miguu, ukahimizwa mshono usio na kigongo, na jina lake likagandia hapo. Kwamba yeye mwenyewe alishika sindano, mimi sina imani nayo, na mbinu ilikuwepo kabla yake. Ila sisi watu wa Historia tunamjua kwa jambo jingine. Mwaka 1885 alitumwa Zanzibar kuiwakilisha Uingereza kwenye tume ya mipaka, pamoja na Mjerumani na Mfaransa, kupima mamlaka ya Sultani Barghash yanaishia wapi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani wakakubaliana: Sultani abaki na visiwa na ukanda wa pwani wa upana wa maili 10, na bara wakagawana kwa mstari kutoka mdomo wa mto Umba, ukapinda kuizunguka Kilimanjaro, mpaka Ziwa Nyanza. Mpaka wa Tanzania na Kenya mnauona mpaka leo. Huyo ndiye aliyepewa mshono usioonekana! Nilicheka peke yangu maktaba, watu wakanigeukia. Mwenyewe alikufa Juni 1916, meli yake ilipogonga bomu la baharini karibu na Scotland.

Turudi Kiomboi. Nilimaliza kama saa nane mchana, mgongo unauma. Nikalipeleka sweta kwa bibi. Sikumwambia ni mstari upi. Akalitandaza mapajani, akafumba macho, ingawa kwake kufumba au kufumbua ni karibu sawa, akapitisha vidole kutoka kiunoni kwenda juu, polepole. Vikapita kipande kipya. Vikaendelea. Halafu kidole cha shahada kikasimama.

"Hapa umeingia nje kwenda ndani ilhali ilikuwa hodi."

Nikaangalia. Kweli. Kitanzi kimoja kimekaa upande, kijinundu kidogo cha punje ya mtama, mimi mwenye macho nilikuwa nimekipita. Ilibidi nirudi nyuma vitanzi 11, kuchomoa kimoja kimoja na kukirudisha kwenye spoku, halafu kuunga upya. Sikulalamika. Kidogo tu.

Mara ya pili akapapasa tena. Akapanda, akashuka. Akaligeuza upande wa ndani akapapasa na huko. Akarudi nje. Muda ulikuwa mrefu mpaka kuku wakaja kudonoa kwenye mkeka na hakuna aliyewafukuza.

"Umeunga wapi?" akauliza.

Nikamshika kidole nikakiweka pale. Akakisogeza juu kidogo, chini kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Hapana, hapa ni kufuma." Nikamwambia bibi, ni hapo hapo. Akatabasamu, akalikunja sweta vizuri kwa namna mama alivyokuwa anakunja, mikono ndani kwanza. Akanikabidhi. Halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani, akauliza:

"Na rangi? Imefanana?"

Mkanda wa sentimita sita, mwekundu kuliko sweta lote, unapita mgongoni kwangu kutoka ubavu mpaka ubavu. Hata dada wa foleni ya chai ameuona.

Nikasema, "Imefanana, bibi. Huwezi kujua."

Akasema vizuri, akaniomba maji ya kunywa.

Sasa kilichonifanya niandike leo si dada wa foleni peke yake. Juzi jioni mjomba amepiga simu. Bibi amepata nafasi ya kufanyiwa operesheni ya jicho mwezi ujao, wanaanza na la kulia. Nimefurahi sana, tumemchangia, mimi mwenyewe nimekata kipande cha bumu. Mjomba anasema bibi ana furaha, anataja vitu atakavyoviangalia akifunguliwa bandeji: kuku wake, kaburi la mama kama limefyekwa, na mimi nikija Krismasi.

Ameagiza nije nimevaa sweta.

Kuna duka moja hapa mjini Dodoma nimeambiwa lina nyuzi za rangi nyingi. Kesho nikitoka semina ya saa nne nitapita na kipande cha uzi wa mama mfukoni. Mwenye kujua maduka mengine aniambie. Usiku mwema.